Kadi za mraba, bahasha zenye utepe na lawama za wachambuzi wa barua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwajibu wale wanaolalamika kwamba barua zetu huku Mwanza zinachelewa kwa sababu posta bado inachambua kwa mkono, na kwamba dawa yake ni kununua mashine. Hoja hiyo inapendeza masikioni lakini imekamata mkia. Barua inayokwama, mara nyingi imeshakwamishwa kabla haijafika kaunta, ama na umbo la bahasha, ama na kilichotiwa ndani, ama na anwani iliyoandikwa mahali pasipo pake. Barua ya namna hiyo hata ukiipeleka kwenye mashine ya Ulaya, mashine huitema, na anayeiokota ni mtu mwenye mikono miwili kama huyu wa kwetu. Tofauti ni kwamba kule mtumaji hutozwa ziada kwa usumbufu huo.

Tuanze na mashine yenyewe, maana wengi wanaidai bila kujua inataka nini. Mashine ya kuchambua barua husimamisha kila bahasha kwa ubavu wake mrefu, ikaibana kati ya mikanda miwili ya mpira na kuipitisha kwenye kona nyingi kuzunguka magurudumu, kwa mwendo wa barua zaidi ya 30,000 kwa saa. Hizo ni barua nane na kitu kila sekunde. Njiani kamera hupiga picha ya anwani, kompyuta huisoma, na kichapishi hupiga msimbopau chini ya bahasha upande wa kulia. Kuanzia hapo mashine zote zinazofuata husoma msimbopau huo tu, hazirudi tena kwenye mwandiko wa mtu. Kwa mwendo huo bahasha moja ikikunjamana inasimamisha mstari mzima, na zilizo nyuma yake zimeshagongana na kuchanika kabla fundi hajafikia swichi. Kwa wingi wa barua tulio nao siku hizi, baada ya simu kuchukua salamu na bili, mashine ya aina hiyo ingemaliza kazi ya siku kabla ya chai ya saa nne, kisha ibaki inangoja umeme na vipuri.

Mashine inataka mstatili. Nchini Marekani sharti liko wazi: gawanya urefu wa bahasha kwa upana wake, jibu lisipungue 1.3 wala lisizidi 2.5. Ujerumani wanataka urefu wa barua ya kawaida ufike angalau mara 1.4 ya upana. Hilo halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mashine hujua chini ni wapi kwa kutafuta ubavu mrefu. Bahasha ya mraba haina ubavu mrefu, kwa hiyo inaweza kusimama kwa upande wowote, mistari ya anwani ikawa wima na kamera isiambulie neno. Chukueni rula mpime wenyewe. Bahasha nyeupe ndefu ya ofisini ni milimita 220 kwa 110, jibu ni 2 kamili, inapita. Bahasha ndogo ya kadi ya milimita 162 kwa 114 inatoa 1.42, nayo inapita. Ile inayobeba karatasi ya A4 iliyokunjwa mara moja, 229 kwa 162, inatoa 1.41. Kadi ya mraba ya 150 kwa 150 inatoa 1, imeanguka. Na ile kadi nyembamba ya fasheni, tuseme 260 kwa 100, inatoa 2.6, imeanguka kwa upande wa pili.

Hapo ndipo wanapoingia wachapaji wetu wa kadi za harusi, sendofu na kipaimara. Wateja wanataka mraba, wanataka utepe wa satini, wanataka lulu za plastiki, na siku hizi wanataka lakiri nyekundu ya kuyeyushwa juu ya mfuniko. Kadi inayopelekwa kwa mkono Nyakato au Igoma ipambwe inavyotakiwa, haina ugomvi na mtu. Ugomvi unaanza kadi hiyo hiyo inapobandikwa stempu iende kwa shangazi aliyeko Uingereza. Utepe unanasa kwenye mikanda. Lulu inafanya bahasha iwe na nundu. Lakiri ikipata joto la gari lililoegeshwa juani inalainika na kugandana na barua ya jirani, na wa kuzitenganisha ni mchambuzi, kwa kucha. Marekani tangu mwaka 2010 wana stempu ya kipepeo ambayo thamani yake inajumlisha barua pamoja na ziada ya kushughulikiwa kwa mkono, na watengenezaji wengi wa kadi huko huchapa kivuli cha kipepeo kwenye kona ya bahasha ili mnunuzi ajue mapema kwamba urembo huo una gharama yake. Stempu hiyo ni ya barua zinazotumwa kutoka kwao, haitusaidii sisi. Ninachokitaka hapa ni ule uungwana wa kumwambia mteja kabla hajalipa.

Baada ya umbo ni ugumu. Bahasha inapofika kwenye kona ya mashine inatakiwa ipinde. Watu hutia ubao wa kadibodi ndani ili picha isikunjike, kisha wanaandika kwa herufi kubwa nje: USIKUNJE. Mashine haisomi maneno hayo. Mchambuzi wa mkono huyasoma, lakini barua ikishaingia kwenye mikanda yeye hayupo. Kama picha ni lazima ibaki bapa, iwekwe kwenye bahasha kubwa ya milimita 324 kwa 229 na ilipiwe kama barua kubwa, ambayo hupita njia yake tofauti. Unene nao una mwisho. Kwa vipimo vya Umoja wa Posta Duniani barua ndogo isizidi milimita 5, ukubwa usizidi 245 kwa 165, uzito usizidi gramu 100. Barua kubwa ni milimita 381 kwa 305, unene 20, gramu 500. Kinachozidi hapo ni pakiti, na pakiti ina bei yake na fomu zake. Ukitaka kukadiria bila mizani, karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 5. Karatasi tatu ndani ya bahasha ndefu nyeupe ziko karibu na gramu 20. Karatasi kumi na tano zikikunjwa sehemu tatu zimeshakaribia milimita 5. Usiongeze ya kumi na sita, chukua bahasha kubwa.

Unene uwe sawasawa vilevile. Hili ndilo linaloharibu barua nyingi zenye nia njema. Mtu anatia kalamu, ufunguo, sarafu au mkufu wa shanga ndani ya bahasha ya kawaida. Kwenye kona bahasha inapinda, kalamu haipindi. Inatoboa pembe ya mbele na kuruka chini ya mashine. Bahasha inaendelea na safari ikiwa tupu. Mpokeaji huko aliko anapewa bahasha iliyochanika ndani ya mfuko wa plastiki wenye maneno ya kuomba radhi, naye moja kwa moja anamshuku karani wa Mwanza kwamba ndiye aliyedokoa. Kitu kigumu hata kiwe kidogo namna gani kipelekwe kama pakiti, kikiwa kimefungwa ili kisitembee ndani.

Pini za stepla kwenye mfuniko zikome. Kwenye mashine zinachana mkanda, kwenye meza ya mkono zinachana vidole, na barua mbili zenye pini hushikana zikaingia tundu moja la kuchambulia, ya pili ikasafiri mahali isipotakiwa. Gundi inatosha. Kama huiamini gundi, kipande kimoja cha selotepu kando ya mfuniko kinatosha. Lakini selotepu isipite juu ya stempu, maana wino wa muhuri haushiki juu yake. Bahasha za kaki zenye kifungo na uzi ni za kupeleka mafaili ofisi kwa ofisi, si za posta. Na barua nyembamba kupita kiasi nayo ni tatizo: mashine huchukua mbili kwa pamoja ikidhani ni moja, na ya nyuma inakwenda na msimbopau wa mwenzake.

Rangi. Kamera inahitaji maandishi meusi au ya buluu juu ya karatasi nyeupe au ya rangi hafifu. Bahasha ya damu ya mzee iliyoandikwa kwa kalamu ya dhahabu inang'aa kwenye taa, na picha inayotoka ni ya giza lenye vimulimuli. Hata kwa jicho la binadamu chini ya taa ya ofisi ni kazi ngumu. Kama rangi ni ya lazima, bandika kipande cheupe cha karatasi mahali pa anwani.

Mahali pa anwani penyewe pana vipimo ambavyo ni wachache wanaovifuata. Laza bahasha kwa urefu, stempu ikiwa pembe ya juu kulia. Anwani ya mpokeaji ianze milimita 40 kutoka ukingo wa juu, iache milimita 15 kutoka ukingo wa chini na milimita 15 kutoka ukingo wa kulia, na isiende kushoto kupita milimita 140 kutoka ukingo huo wa kulia. Ule ukanda wa chini ubaki mweupe, ndiko msimbopau unakopigwa. Anwani ya mtumaji ikae juu kushoto au nyuma ya bahasha. Anayeandika anwani yake chini kulia, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kufunga barua kwa jina na sahihi, mashine itamrudishia barua yake mwenyewe, na haitakuwa imekosea.

Na hata mashine iliyolishwa barua safi haijitoshelezi. Marekani, mwandiko unapoishinda kompyuta, picha ya bahasha hutumwa kwenye kituo ambako watu wamekaa mbele ya skrini wakisoma na kuandika kilichosomeka. Miaka ya 1990 vituo hivyo vilifika zaidi ya hamsini. Vimepungua sana kwa sababu kompyuta zimejifunza kusoma, lakini kituo cha Salt Lake City kimeendelea na kazi hiyo. Kwa hiyo anayesema mkono na jicho la mtu ni mambo ya zamani, ajue kwamba wenye mashine hawajaviacha.

Sasa turudi nyumbani. Kuchambua kwa mkono kuna hatua zake. Kwanza barua zinageuzwa zote ziangalie upande mmoja, stempu juu kulia. Halafu zinagawanywa kwa ukubwa, ndogo zake, kubwa zake, pakiti zake, na barua za rejista, zile za kupokewa kwa sahihi, zinaondolewa kabisa pembeni. Ndipo zinaingia kwenye fremu ya matundu: nje ya nchi, mikoa, miji, na mwisho masanduku ya hapa hapa. Mchambuzi anasoma anwani kutoka chini kwenda juu, nchi, mji, sanduku, na jina la mtu ni la mwisho kabisa. Waandishi wengi wanatumia nguvu zote kwenye jina na vyeo, kisha mji unaandikwa kwa haraka mwishoni, ilhali mji ndio unaoamua barua itaingia mfuko gani.

Kosa kubwa kuliko yote kwa upande wetu wa ziwa ni kuandika mkoa mahali pa mji. Mtu ana sanduku Sengerema, Magu, Misungwi au Ngudu, naye anaandika "S.L.P. 15, Mwanza" kwa kuwa ndiyo mkoa wake. Sanduku namba 15 lipo Mwanza mjini na lina mwenyewe. Namba za masanduku hujirudia kila mji; namba peke yake haimtambulishi mtu. Barua hiyo itaingia kwenye sanduku lisilo lake, na kurudi kwake kunategemea uungwana wa mwenye sanduku. Vivyo hivyo kwa jirani zetu wanaoandika Kagera badala ya Bukoba au Muleba, na Mara badala ya Musoma au Tarime. Andika mji ambao posta yako iko, kwa herufi kubwa. Mkoa ukitaka uweke pembeni, na kama unaijua postikodi ya kata yako iandike pia. Za mkoa wa Mwanza huanza na 33.

Ndugu walioko nje nao waambiwe wasiishie kwenye neno Mwanza. Malawi kuna wilaya na mji wa mpakani wenye jina hilo hilo. Mstari wa mwisho uwe TANZANIA, peke yake, kwa herufi kubwa. Bila hivyo mchambuzi wa London hana kosa akiitia barua kwenye mfuko wa Malawi.

Tarakimu ziandikwe za kueleweka. Saba ipigwe kistari katikati isifanane na moja, nne isifungwe juu ikawa tisa. Anayetumia sanduku la shule, parokia, msikiti au ofisi ya mtaa aandike "kwa kupitia" na jina la taasisi, kisha jina lake. Barua ikiandikwa jina la mwanafunzi tu na namba ya sanduku la shule yenye mamia ya watoto, itakaa mezani kwa katibu mpaka muhula uishe. Namba ya simu ya mpokeaji, hilo nalisisitiza. Kwa barua ya ndani ya nchi ndiyo inayookoa nyingi, kwa sababu mchambuzi wa mkono anaweza kupiga simu, jambo ambalo mashine haiwezi. Iandikwe chini ya jina, si kwenye ule ukanda wa chini.

Ziwa nalo lina yake. Mfuko wa Ukerewe, upite njia upitayo, ni lazima uvuke maji. Na hata barua isiyovuka popote inakaa katika hewa yenye unyevu. Bahasha za gundi ya kulamba zikiwekwa stoo wakati wa masika zinajifunga zenyewe. Ukizifungua kwa nguvu mfuniko hauna nguvu tena na njiani utaachia. Wino wa kalamu za maji unatiririka kwa tone moja. Andika kwa bolpeni. Nyaraka ziingie kwanza kwenye mfuko mwepesi wa plastiki, ule wa kutunzia vyeti (si rambo, zile zilipigwa marufuku Juni 2019), halafu ndipo ziingie kwenye bahasha ya karatasi. Kuivika bahasha plastiki kwa nje ni kuiharibu. Inateleza kwenye rundo, stempu haishiki, na muhuri unafutika kwa kidole.

Kwa vifurushi vyenye dagaa au samaki mkavu, ukiacha masharti ya nchi vinakokwenda, ambayo ulizeni kabla ya kufunga, tatizo la mezani ni mafuta. Yanapenya katoni, yanaloanisha lebo, na msimbopau uliolowa mafuta hausomeki kwa kifaa chochote. Kuanzia hapo kila kituo kitanakili namba kwa mkono. Funga ndani mara mbili, lebo ikae juu ya uso mpana ulio bapa, isipite kwenye maungio ya katoni wala kupinda kwenye kona. Kamba ya katani iliyozungushwa nje ilikuwa sifa zamani, lakini kwenye mikanda ya viwanja vya ndege inanasa. Tumia utepe mpana wa gundi.

Vyeti vinavyoviringishwa ndani ya bomba la kadibodi vinaleta adha ya aina yake. Bomba halina ubavu, halikai kwenye tundu la fremu, linabingirika mezani, na hakuna mashine ya barua inayolipokea. Vipimo vya kimataifa vinasema urefu wa bomba ukijumlishwa na kipenyo mara mbili usizidi milimita 1,040, na urefu peke yake usizidi 900. Lakini cheti cha A4 hakina haja ya bomba. Kiweke kati ya manila mbili ndani ya bahasha kubwa, kitafika kikiwa kimenyooka. Bomba waachiwe wenye ramani na michoro, nao wakipata boksi la pembe tatu ni bora zaidi kwa kuwa halibingiriki.

Kuna barua ambazo hupita mikononi kwa makusudi, nazo hazipaswi kulaumiwa kwa polepole yake. Maandishi ya nukta nundu ni mojawapo. Mikanda na magurudumu huzikandamiza nukta, na nukta iliyobapa haisomeki kwa kidole. Kwa mkataba wa Umoja wa Posta Duniani vitu vya wasioona vinaruhusiwa hadi kilo 7 na husamehewa malipo ya posta, ukiacha nyongeza ya ndege pale inapotozwa. Shule na walezi wanaotumia huduma hiyo wasifunge kabisa kwa gundi. Kifungashio kiwe rahisi kufunguliwa na kukaguliwa, na kiandikwe wazi kwa nje.

Nyingine ni rejista. Barua ya rejista hupita kwa sahihi: anayetoa na anayepokea wanaandikishana kila inapobadilisha mikono, ndiyo maana ya kuilipia zaidi. Namba yake ina herufi mbili, tarakimu nane, tarakimu moja ya ukaguzi, kisha herufi mbili za nchi. R mwanzoni ni rejista, E ni EMS (huduma ya posta ya haraka), C ni kifurushi. Wanaolalamika kwamba "namba haionekani kwenye mtandao", wengi wamenakili vibaya, na wanaweza kujihakikishia wenyewe. Chukua zile tarakimu nane, zizidishe kwa mpangilio huu: 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumlisha. Gawanya kwa 11, chukua baki, uiondoe kwenye 11. Jibu ndiyo tarakimu ya tisa. Likiwa 10 inaandikwa 0, likiwa 11 inaandikwa 5. Kwa mfano 12345678: 8 na 12 na 12 na 8 na 15 na 30 na 63 na 56, jumla 204. Ukigawanya kwa 11 baki ni 6, na 11 ukitoa 6 ni 5. Namba kamili itasomeka RR 12345678 5 TZ. Ukipata tarakimu nyingine, usiende kumfokea karani. Rudi kwenye risiti yako.

Kwa pakiti za nje ya nchi nitasema machache. Bidhaa yoyote, hata kitenge kimoja, inahitaji tamko la forodha: fomu ya CN 22 kwa thamani ndogo, CN 23 thamani ikizidi SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa, muulize karani ni shilingi ngapi). Neno "zawadi" si maelezo ya bidhaa. Andika "kitenge cha pamba, 1, gramu 400" na thamani yake. Tangu 2021 taarifa hizo zinatakiwa zitangulie kwa njia ya kielektroniki kabla ya mzigo kufika, na anayeziingiza kwenye kompyuta ni karani anayesoma mwandiko wako. Herufi kubwa zilizotengana, tafadhali.

Kwa upande wa posta nina ombi moja lisilohitaji bajeti ya mashine. Uingereza, tangu walipoanza mwaka 2006 kutoza kwa ukubwa na si kwa uzito peke yake, kuna kipimo cha plastiki chenye tundu: barua ikipenya ni ndogo, isipopenya inalipiwa kama kubwa. Kitu kama hicho fundi seremala wa Mwanza anaweza kukitengeneza kwa mbao na plaiwudi. Matundu mawili tu, moja la milimita 165 kwa 5, jingine la 305 kwa 20, na alama mbili za rula kwenye kitako, 245 na 381, za kupimia urefu. Matundu yasuguliwe msasa yasikwaruze bahasha, na yapimwe upya kila baada ya mvua, kwa sababu mbao huvimba na tundu la milimita 5 likawa 4. Kipimo hicho kikae upande wa mteja wa kaunta, si upande wa karani, ili mteja aone mwenyewe barua yake inaposhindwa kupita kabla hajaambiwa bei. Mabishano mengi ya kaunta yanatokana na kutokuona.

Wachapaji nao, wakati msimu wa harusi unakaribia, wachapishe bahasha za kadi zitakazopitia posta kwa milimita 162 kwa 114 au 220 kwa 110, rangi ya maziwa au nyeupe, utepe na lulu vibaki kwenye kadi za kupeleka kwa mkono. Na ile nakshi ya maua inayopendwa kuchapwa kwenye ukingo wa chini wa bahasha ihamishiwe kwenye mfuniko wa nyuma.

Mchambuzi wa barua mstaafu,
Kirumba, Mwanza